Nguo ya Kiyoyozi

Tarehe 3 Februari

Kwa mwanangu, kitinda mimba wangu, fundi wa mafundi,

Pokea salamu za mama yako asiyechoka kukutaja. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Baba yako naye mzima. Ana kikohozi kidogo, lakini kikohozi chake unakijua, kilizaliwa siku moja na karakana yake ya useremala. Bata wametotoa. Jirani yetu wa ukuta mmoja anakusalimu, na nitakueleza kwa nini salamu zake siku hizi zimekuwa ndefu.

Watu wananiuliza kwa nini wewe na mimi tunaandikiana barua na simu zipo. Nawajibu kwamba simu ukiikata imekwisha, barua inakaa mezani na mgeni anaiona. Halafu yule dereva wa lori anayetoka huko kwenu, akisimama mbele ya nyumba akapiga honi na kunipungia bahasha, raha yake sina pa kuiweka.

Sasa mashine. Kiyoyozi kimefika na kimefungwa. Ulisema utakuja nacho mwenyewe, ukatuma mafundi wawili. Sikukasirika, kazi ni kazi. Walipomaliza wakaniuliza, "Mama, ni kweli binti yako ndiye anayepanda mapaa?" Nikawaambia kuliko paka. Nikawaambia wengine binti zao wanajua kupaka rangi kucha, wangu anajua kupoza nyumba. Jirani alikuwepo, na ana binti wa kucha. Sikumtaja. Alijitambua mwenyewe.

Siku ya kwanza kilipowashwa chumba cha baba yako kilijaa wageni mpaka baridi ikakosa pa kukaa. Baba yako alikaa kitandani akikitazama kama mkwe aliyeingia bila hodi. Kisha akaniuliza, "Na sanduku langu?" Lile sanduku lake la upepo, mwanangu, lile la mbao alilolitengeneza mwenyewe, feni ndani na majani makavu ya kuloweka maji. Nikamwambia la nini tena, mtu hapandi farasi akaburuta na punda. Nimewapa bata. Ndimo walimototolea.

Vumbi la hapa unalijua, linaingia hata ndani ya yai. Kwa hiyo nimekishonea kiyoyozi nguo. Kitambaa kizito cha pazia, ndani bitana ya pamba, na mbele nimetarizi kwa uzi mwekundu: MKONO WA MWANANGU. Kila anayepita anasoma.

Yule mwenzako mliyefundishwa pamoja, Bisibisi, alikuja kusema atakuwa anakisafisha. Nilimpa chai nikamshukuru nikamfungulia mlango wa kutokea. Nimewaapia wanawake wote wa mtaa huu kwamba kiyoyozi hiki hakitaguswa na mkono mwingine isipokuwa wako. Vumbi kubwa likikaribia utakuja ukihudumie. Usiniaibishe.

Mama yako

*

Tarehe 1 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo Baba. Nafurahi mko wazima na bata wameongezeka. Mimi nipo, kazi zipo. Nisamehe mwandiko, naandika nikiwa nimebanwa.

Mama, nisikilize kuhusu kiyoyozi. Ndani ya ile mashine iliyo ukutani chumbani, ukiinua kifuniko cha mbele, utaona chujio mbili za wavu. Kabla ya vumbi zioshe mara moja kwa mwezi. Vumbi likianza, kila Ijumaa. Zima kwanza kwenye swichi ya ukutani, si kwa rimoti tu. Naomba hilo usilisahau hata kama una haraka. Swichi ya ukutani, na mtu mwingine yeyote asiiguse mpaka umalize. Ondoa vumbi kwa brashi laini, suuza, anika kivulini. Jua litazikunja.

Nguo si neno, ukiwa umekizima.

Usikiweke kwenye baridi kali ya kugandisha watu. Ishirini na tano inamtosha Baba. Na msimu wa baridi ukifika, bonyeza alama ya jua kwenye rimoti, hicho hicho kitatoa joto. Moto wa makaa chumbani kwa Baba sasa basi.

Kuhusu kuja, kazi zimenibana. Mwite Bisibisi. Mikono yake ni mizuri, na kuna mambo yanayotaka fundi aone kwa macho.

Baba anapumuaje akilala? Hukuniambia.

Mwanao

*

Tarehe 6 Aprili

Mwanangu fundi,

Barua yako imefika, fupi kama kaptula, lakini imefika. Herufi zako zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na maji. Wewe uliyekuwa unasifiwa mwandiko shule nzima. Wakupumzishe huko.

Sisi wazima. Bata mmoja amekufa, wengine wako salama. Binti wa jirani amepata mchumba, nimekwenda kumpongeza, na sikusema lolote baya mpaka nimerudi nyumbani.

Vumbi limeanza. Limekuja mapema na limekuja na hasira. Mchana jua linaonekana kama sahani ya shaba, nguo ukianika nyeupe unaanua za kahawia. Chujio nimeziosha kama ulivyoniagiza, maji yake yametoka kama chai ya rangi. Nimeziosha mbele ya jirani ili ajue kwamba hata mama wa fundi ni fundi kidogo.

Sasa kuna jambo dogo. Kiyoyozi kinachoka. Asubuhi kinapuliza vizuri, jua likipanda kinatoa upepo vuguvugu, saa saba kinazima chenyewe. Kikikaa kikapumzika kinawaka tena. Nimewaambia watu ndivyo vilivyo vya kisasa, vinajua kujipumzisha. Je, ndivyo? Nijibu, kwa sababu nimeshasema.

Baba yako saa hizo hupenda kukaa nje kwenye kizingiti. Anasema anatazama watu. Watu wenyewe hawapiti, nani apite kwenye vumbi hilo.

Bisibisi amepita tena. Hakuingia. Alisimama barabarani akasoma maneno kwenye nguo, akafungua mdomo kutaka kusema, nikamuwahi: "Umeyasoma? Basi huo ndio mkono ninaoungoja." Akasema, "Sawa, Mama." Akaenda zake.

Unakuja lini? Siandiki mengine. Nijibu hilo tu.

Mama yako

*

Tarehe 30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako imekawia, dereva anasema vumbi lilifunga barabara. Nimeisoma nimesimama.

Hapana, Mama, hakijipumzishi. Kiyoyozi kinachozima chenyewe mchana kinaumwa. Niambie: ile mashine ya nje, ile yenye feni kubwa, iko wazi? Umeweka kitu mbele yake? Maboksi, mbao za Baba, chochote? Kwa nini Bisibisi asome maneno ya nguo akiwa barabarani, wakati nguo iko chumbani?

Tafadhali mwite aje leo. Unaposubiri, toa bata kwenye sanduku la Baba, badilisha majani, liloweshe maji, lielekeze kitandani na ufungue dirisha la upande wa pili. Lile sanduku lilinilea mimi, litamfaa na yeye. Baba asikae kwenye kizingiti.

Mwezi huu sitaweza kuja. Na ujao sijui. Usiniulize kwa nini, nakuomba.

Mwanao

*

Tarehe 25 Mei

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu.

Baba yako alianguka. Ilikuwa mchana, kwenye kizingiti. Nilikuwa ndani nagombana na rimoti, nikasikia kitu kama gunia linashuka. Nilipotoka midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu na vumbi limemkaa kwenye kope. Jirani, huyo huyo mama wa binti wa kucha, ndiye aliyemshika miguu tukamwingiza kwenye gari. Hospitali walimwekea hewa ya mtungi. Daktari akasema kifua hiki kisipokaa mahali pa ubaridi na pasipo vumbi, msimu hakiuwezi. Alisema hivyo hivyo, akaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Amerudi nyumbani. Siwezi kukuandikia kwamba ni mzima. Kila barua nimekuandikia mzima, na kila barua akanitazama ninavyoandika bila kusema neno. Jana amesema. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," akageukia ukutani.

Kiyoyozi kimekufa kabisa. Hakiwaki, kinanguruma tu na kunyamaza. Sanduku lake nilikwenda kulitoa kwa bata, nikakuta mbao zimeoza na feni imejaa manyoya. Nimetundika shuka mbichi mlangoni. Zinakauka kabla sijafika na nyingine.

Umeniuliza nguo iko wapi. Iko nje, itakuwa wapi tena? Ya chumbani ina paa na kuta, hainyeshewi na vumbi. Ya nje ndiyo inayoonekana na mtaa, ndiyo iliyo kwenye vumbi usiku na mchana, nisiivike? Haijavuliwa tangu niishone. Na tangu mashine ife nimekaza kamba zaidi, vumbi lisiiharibu kabla hujaja.

Wanawake hawaniulizi tena. Zamani waliniuliza binti yako yuko wapi, nikawajibu. Sasa wakifika hapo wananyamaza, na kunyamaza kwao kunanichoma kuliko kuulizwa.

Niliapa mbele ya watu kwamba ni mkono wako tu. Baba yako anahema kama mtu anayepanda mlima, na mimi nimekaa kwenye kiapo. Njoo. Ukishindwa kuja, niambie sababu. Mimi ndiye niliyekuzaa, hakuna sababu yako itakayokuwa kubwa kuliko tumbo lililokubeba.

Mama yako

*

Tarehe 9 Juni

Mama yangu,

Dereva amekubali kuningojea niandike huku injini ikiwaka. Fanya kwanza haya, mengine utayasoma baadaye.

Vua ile nguo. Sasa hivi, kabla hujageuza karatasi. Mashine ya nje kazi yake ni kutoa joto la chumba cha Baba na kulitupa barabarani. Ukiivika inakuwa kama mtu anayekimbia kwenye jua na blanketi mdomoni. Inajizima ili isife, na mwisho inakufa. Kisha nenda kwa Bisibisi. Usimtume mtu, nenda wewe. Mwambie iliendeshwa ikiwa imefungwa, aangalie kapasita, kile kikopo cha kuanzishia mota, na mota yenyewe ya feni kabla ya kitu kingine. Ataelewa. Namtumia vipuri vyote viwili kwa lori hili hili.

Sasa sababu.

Wiki ile kiyoyozi chenu kilipopakiwa nilikuwa nimeshafunga mfuko wangu nije nacho. Ilibaki kazi moja, juu ya paa la nyumba ya ghorofa. Nilizima swichi nikapanda. Nilikuwa nimeingiza mkono kusafisha feni, na chini mtu akaona swichi imezimwa akadhani imejizima, akaiwasha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia joto.

Mkono wa kulia, Mama. Vimebaki kidole gumba na cha shahada. Mwandiko unaoulalamikia ni wa mkono wa kushoto, bado unajifunza.

Sipandi tena mapaa. Wameniweka stoo ya vipuri, na asubuhi nawafundisha wanaoanza kazi. Jambo la kwanza ninalowafundisha ni swichi: kufuli, na ufunguo mfukoni mwako.

Nilitaka kukwambia tangu barua ya kwanza. Nilipofungua yako nikakuta umetarizi mkono wangu kwa uzi mwekundu. Nikasoma nguo, mtaa, kiapo, na sikuona kitu kingine. Hata kwamba kila anayepita anasoma, mimi fundi, sikujiuliza anasomea wapi. Nilikuwa natazama bandeji. Ningejiuliza siku ile, Baba asingeanguka.

Mkono uliouapia haupo. Bisibisi na mimi tulishikishwa bisibisi na fundi mmoja, siku moja. Mkono wake uhesabu ni wangu.

Mwambie Baba asinisubiri na kifua chake. Aanze kupumua, nitakuja.

Mwanao

*

Tarehe 28 Juni

Kwa mwanangu,

Baba yako anakusalimu. Amelala chumbani, mlango umefungwa, na nyuzi ni ishirini na tano kama ulivyosema.

Barua yako ililetwa mchana. Jirani alikuwepo na akakaa vizuri kunisikiliza, maana barua zako nimezoea kuzisoma kwa sauti. Hii niliisoma mistari ya kwanza, nikanyanyuka, nikatoka nje nikavua ile nguo. Kamba zilikuwa zimekaza, nilizikata kwa kisu. Bati lilikuwa la moto kiasi cha kuchoma, na vumbi limegandamana ndani kama mkate. Nikarudi nikasoma yaliyobaki. Nikasoma kimya. Jirani akaniuliza, "Vipi huko?" Nikamwambia, "Nisindikize kwa Bisibisi."

Tulikwenda kwenye jua la saa nane. Bisibisi alikuwa ananyoosha bomba, vipuri vyako ameshavipokea na viko mezani, anangoja kuitwa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani yote yakanipotea. Nikasema, "Mwanangu, naomba mkono wako." Hakuniuliza ni upi niliokuwa naungoja. Alichukua mfuko akatangulia.

Alipofika akatazama mashine, akatazama nguo chini, akasema, "Mama, huyu mgonjwa ulimvika koti akiwa na homa." Jirani akacheka, nami nikacheka, halafu mimi nikashindwa kuacha na ikawa si kicheko tena. Akaniacha. Alizima swichi, akaifunga kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Nilipouona ule ufunguo ilibidi niingie ndani.

Kapasita ilikuwa imevimba, mota imeungua. Kompresa, ndio moyo wa mashine, imepona, anasema ni bahati. Yale mabati membamba yaliyopangana kama kurasa aliyaosha kwa maji, tope likashuka ukutani mpaka barabarani. Kilipowaka baba yako alikuwa amefumba macho. Akasema, "Huyu ni mwanangu." Sikumsahihisha. Bisibisi naye hakumsahihisha.

Habari za mkono wako nilimweleza baba yako kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nimletee ile randa yake ndogo, akaishika tu. Kisha akasema useremala wake ameshaufunga, kwa hiyo nyumba hii sasa ina mafundi wawili waliostaafu mapaa na mbao, na mwenye mdomo bado yuko kazini. Anakohoa bado. Daktari anasema karakana asirudi tena. Kwamba asingeanguka kama ningemwita mtu mapema, daktari hakusema, na mimi sikumuuliza. Hilo nitakaa nalo mwenyewe, wewe usilibebe. Kati yetu wawili, kila mmoja alikuwa na kitu chake alichokivika nguo.

Jirani nimemwambia na yeye, maana alinishika mkono njia nzima bila kuuliza. Alilia. Kisha akasema binti yake atakuja kukutarizia jina kwenye shuka utakazolalia ukija, na nikakubali. Anajua kutarizi vizuri, sikuwahi kulisema.

Wengine nimewaambia hivi: mwanangu hapandi mapaa, anafundisha wanaopanda. Kila fundi atakayerudi nyumbani na vidole vyote kumi, ni kazi yake. Usinizuie. Ni mdomo wangu, na safari hii sijatia chumvi.

Ile nguo nimeifua. Maneno nimeyafumua, uzi mwekundu umeacha matundu lakini ukisugua yanaziba. Kitambaa kizuri na bitana yake ni nzima, siwezi kukitupa. Baridi inakuja, na huko kwenu najua asubuhi inauma. Nataka kukushonea glavu ya mkono wa kulia.

Weka mkono wako juu ya karatasi, uuzungushie kalamu, unitumie. Uchore ulivyo. Usiniongezee vidole.

Mama yako